Kumtuliza paka kwa dawa ya mdomo kabla ya kumpeleka kwa daktari: kipimo na saa

Mkuu uliyeandika kutoka Pasua, Moshi, umeuliza kama umpe paka wako wa kilo 4 nusu kidonge cha diazepamu asubuhi ya chanjo, kwa kuwa safari iliyopita alichomoka kwenye boksi ndani ya bajaji na kumrarua daktari mkono. Tafadhali usimpe. Tangu miaka ya 1990 inajulikana kwamba diazepamu ya kumeza, hasa ikirudiwa siku kadhaa, huweza kuua ini la paka hata kwa kipimo cha kawaida. Tena kuna paka ambao haiwatulizi kabisa: miguu inalegea lakini ukali unazidi, na huyo ndiye anayeng'ata kwelikweli.

Dawa tunayoitegemea kwa kazi hii ni gabapentini, zile kapsuli wanazoandikiwa binadamu wenye kifafa au maumivu ya neva. Paka mzima mwenye afya wa kilo 4 au 5 hupewa miligramu 100, mara moja tu. Aliye chini ya kilo 3 aanze na 50. Ukiambulia kapsuli za 300, usigawe unga kwa kukisia. Fungua kapsuli moja, mimina unga wote kwenye mililita 6 za maji safi, koroga mpaka uyeyuke, kisha vuta mililita 2 kwa bomba lisilo na sindano. Hizo ndizo miligramu 100. Kilichobaki mwaga. Dawa ya maji ya binadamu iache dukani, kwa sababu baadhi hutiwa utamu wa zailitoli, ambao ni sumu kwa mbwa, na hakuna sababu ya kumjaribishia paka.

Wengi hawakosei kipimo, wanakosea saa. Dawa hii hupitia tumboni, na hushika vizuri baada ya saa 2 hadi 3. Kama miadi ni saa 4 asubuhi, mpe saa 1, akiwa bado anajinyoosha kwenye kochi na hajaliona boksi. Ukimpa bajaji ikiwa imeshafika getini, umechelewa. Paka aliyekwisha kuogopa mwili wake unakuwa umejaa adrenalini, na dawa inashindwa nguvu. Hapo watu huongeza kipimo cha pili kwa kuona "haijashika", vyote viwili vinakuja kushika pamoja, na paka analala mpaka kesho yake. Ikishaharibika hivyo, ahirisha chanjo.

Unga wake ni mchungu. Changanya na kijiko kimoja cha chai cha samaki wa kopo au dagaa waliochemshwa bila chumvi, si bakuli zima, maana akibakiza hutajua amemeza kiasi gani. Mwonjeshe kitoweo hicho siku moja kabla, bila dawa. Ukitumia bomba, lipitishe pembeni ya mdomo, nyuma ya jino la chonge, umpe kidogo kidogo bila kumwinua kichwa, la sivyo maji yataingia mapafuni. Povu likimtoka, ni uchungu wa dawa. Akitema, usikadirie ukampa tena.

Paka mzee, au anayekunywa maji mengi na kukojoa sana, daktari amwone kwanza. Gabapentini hutolewa na figo. Zikiwa dhaifu dawa hukaa mwilini, na kipimo hushushwa hadi nusu au chini zaidi.

Dawa za kuwekwa shavuni ni habari nyingine, na ni za kliniki tu. Mojawapo, deksmedetomidini, mikrogramu 40 kwa kilo, hufanya kazi ikifyonzwa na utando wa mdomo. Ikimezwa, ini huimaliza sehemu kubwa kabla haijafika kwenye damu. Ndiyo maana ujazo unatakiwa uwe mdogo: kwa paka wa kilo 4 na dawa ya miligramu 0.5 kwa mililita, ni mililita 0.32 tu. Wengi hutapika kabla ya kulegea, na mapigo ya moyo hushuka, kwa hiyo haifai kumpa nyumbani.

Siku ya dawa mfungie chumba kimoja, mbali na ukuta na paa la mabati, kwa sababu ataruka kama kawaida yake na miguu haitamshika. Kuyumba huweza kuendelea saa 8 hadi 12. Boksi au tenga lifunikwe na shuka zito: linamzuia kuona, na kwa baridi ya Juni na Julai huku kwetu linamtunzia joto. Chakula kingi asipewe mpaka atembee sawasawa.

Ukifika, mwambie daktari kabla hajamgusa: jina la dawa, miligramu ngapi, saa ngapi. Kama atahitaji kumchoma ketamini au dawa nyingine ya usingizi, atapunguza kipimo chake kulingana na ulichompa nyumbani.