Mtori ndio uwe katikati ya meza

Dada, umeuliza uwaandalie nini ndugu na marafiki kama ishirini hapo Moshi, tarehe 26 Desemba saa nne asubuhi, na meza ionekane ya sikukuu. Mimi ningewapikia mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Jana yake watu wameshiba pilau na nyama choma. Asubuhi tumbo linataka kitu laini, cha moto. Nyama yenye mifupa ichemshe usiku. Ndizi mshare zimenye alfajiri, mikono ukiwa umeipaka mafuta maana ule utomvu hautoki kirahisi, na kila ukimenya tumbukiza kwenye maji zisiwe nyeusi. Zikiiva na nyama, ponda kwa mwiko. Supu nyingine ibakize pembeni, kwa sababu mtori ukikaa unakuwa mzito, na wageni wa Desemba hawafiki pamoja. Akija wa saa sita unaongeza supu, unakoroga, unampakulia wa moto kama wa kwanza.

Pembeni weka chapati, maembe, parachichi na chai ya tangawizi. Kahawa iwe ya kusaga, ya huko huko mlimani, tafadhali! Wazee watafutie mbege, ile pombe ya ndizi, mapema.

Mapambo ya plastiki achana nayo. Tandika kitenge chekundu, weka majani ya masale kwenye chupa. Kwa Wachagga sale ni jani la amani na la kuombana msamaha, na sikukuu ndiyo inayowakutanisha ndugu waliokosana. Viti azima kwa jirani tangu tarehe 24.