Makofi manne ya Izumo

Msomaji mmoja aliyepata nafasi ya kusoma Japani ameniuliza aanzie wapi kutembea. Mdogo wangu, Kyoto utaiona tu, kila mtu anaiona. Ukipata likizo panda Sunrise Izumo, treni ya usiku kutoka Tokyo, uende mkoa wa Shimane.

Huko ndiko liliko Izumo Taisha, hekalu la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, la mungu Okuninushi, ambaye Wajapani humwendea kuomba mchumba na kuelewana na watu. Jengo kuu la sasa ni la mwaka 1744, kimo chake mita 24. Wenyeji husimulia kwamba la kale lilikuwa refu maradufu. Wapo waliotilia shaka, hadi mwaka 2000 yalipofukuliwa mabaki ya nguzo zake, kila moja ni magogo matatu makubwa yaliyofungwa pamoja.

Ushauri wangu: tazama kwanza. Mbele yangu alikuwepo bibi mmoja. Alichota maji kwa kata, akanawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, akasukutua kinywa, halafu akaisimamisha kata ili maji yaliyobaki yateremke na kuosha mpini kwa ajili ya atakayemfuata. Kwenye mahekalu mengi watu hupiga makofi mawili. Yeye alipiga manne, ndiyo desturi ya Izumo. Kisha akazunguka hadi ubavuni mwa jengo, kwa sababu jengo linatazama kusini, lakini wanaamini mungu aliyemo ndani ameelekea magharibi.

Nilipoweka picha, ndugu yangu mmoja aliandika kwamba nimekwenda kuabudu mizimu. Liliniuma, na bado linaniuma. Sikuomba chochote pale. Nilisimama pembeni, kofia mkononi. Jamani, sisi tunataka mgeni avue viatu mlangoni kwetu, mbona heshima hiyohiyo tukiwapa wenzetu inaitwa dhambi? Dini yako haitapungua kwa kunyamaza mahali ambapo wengine wanasali. Tazama, uliza, heshimu.

Ukiweza, nenda mwezi wa kumi wa kalenda yao ya zamani, ambao mara nyingi huangukia Novemba. Inaaminika miungu ya Japani nzima hukutana Izumo wakati huo, na hupokewa usiku kwa mioto ufukweni Inasa. Tafuta chumba mapema. Mchana kula soba ya hapo, tambi za vibakuli vitatu vilivyopandana. Mchuzi unamwagia juu, huchovyi.