Usiilaumu Betri: Majibu kwa Wenye Pikipiki Zisizochaji

Masika yameshika, na maswali niliyoletewa karibu yote yanalia kilio kimoja: pikipiki haichaji. Mengi yaliyokuja bila ya hata kipimo kimoja cha volti nimeyaweka pembeni, isipokuwa machache ambayo yamenikera vya kutosha kuyajibu, kwani fundi asiyepima hana tofauti na mpiga ramli. Mita ya bei rahisi kabisa itakufaa kwa kazi zote nitakazozieleza hapa.

Tangu Mfunguo Mosi nimenunua betri 2 na zote zimekufa. Safari hii ninunue ya kampuni gani? (Mwanakwerekwe)

Usinunue yoyote. Betri ni mtungi tu. Ukiukuta mtupu kila asubuhi, humlaumu mfinyanzi kabla ya kumtazama mchotaji. Iache pikipiki ilale usiku kucha bila kuwashwa, kisha asubuhi upime: volti 12.6 na zaidi ni betri iliyojaa, na 12.0 ni betri iliyokaribia kwisha moto. Baada ya hapo washa injini, ipandishe hadi kiasi cha mizunguko 5000 kwa dakika, na upime tena palepale kwenye vichwa vya betri. Kwa pikipiki nyingi za volti 12, mita inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, haichaji, na betri ya tatu itawafuata wenzake. Ikipita 15, inachaji kupita kiasi: rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri, na kuzuia volti zisizidi) haizuii tena, maji ya betri yanachemka hadi yanakauka, na globu zinaungua moja baada ya nyingine.

Hukuniandikia kama betri zako zilikufa zikiwa kavu au zikiwa na maji yake, na hilo ndilo lingenieleza mengi kuliko jina la kampuni. Naamini betri nyingi zinazotupwa nyuma ya gereji zetu hazikuwa na kosa lolote, na madini ya risasi yaliyomo ndani yake yanabaki katika ardhi hiihii tunayochimba visima.

Fundi wangu huchomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma. Isipozima, anasema mfumo ni mzima. Ni sahihi? (Chake Chake)

Si sahihi, na mwambie aache leo. Betri ndiyo inayoutuliza umeme. Ukiitoa injini ikiwa inazunguka, volti hupanda ghafla na zinaweza kuunguza CDI (kisanduku kinachotoa cheche ya plagi) na rektifaya kwa pamoja. Zaidi ya hayo, pikipiki nyingi zenye CDI ya sumaku hazizimi hata kama hazichaji kabisa, kwa hiyo kipimo chenyewe hakimwambii kitu.

Volti zinabaki 12.3 hata nikivuta mafuta. Nimefunga rektifaya mpya, hali ni ileile. (Makunduchi)

Umepima, na kwa hilo nakushukuru, lakini umenunua kabla ya kumaliza kupima. Chomoa soketi inayotoka kwenye koili za sumaku, zinazozalisha umeme injini ikizunguka, kwenda kwenye rektifaya. Pikipiki nyingi za Kijapani zina waya 3 hapo, aghalabu za rangi ya njano. Weka mita kwenye volti za AC (umeme unaogeuka-geuka, kabla ya kufika kwenye rektifaya), washa injini, na upime waya wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, kisha wa kwanza na wa tatu. Vipimo vitatu hivyo vinapaswa kukaribiana na kupanda pamoja kadiri injini inavyopanda. Usishike ncha za waya kwa vidole, kwa kuwa kwenye baadhi ya pikipiki volti hizo hupita 50. Kipimo kimoja kikiwa chini sana kuliko viwili vingine, koili imeungua. Zima injini, kisha weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani) na upime kila waya dhidi ya bodi: kwa mfumo huu wa waya 3, mita haitakiwi kuonyesha mawasiliano yoyote. Pikipiki ndogo zenye koili moja ni habari nyingine, kwani baadhi yao ncha moja imefungwa kwenye bodi tangu kiwandani. Usije ukatupa koili nzima kwa sababu hiyo.

Iwapo koili ni nzima, itazame soketi yenyewe. Mimi niliwahi kununua rektifaya ambayo sikuihitaji hata kidogo. Siku ya pili ndipo nilipoikaribia soketi kwa tochi: plastiki ya tundu moja ilikuwa imegeuka rangi ya halua na kuinama, na shaba ndani yake imeota ukoga wa kijani. Nilikata sentimita 2 za waya hadi nikafika kwenye shaba inayong'aa, nikafunga kichwa kipya, nikapaka mafuta ya mgando kuzuia unyevu, na volti zikapanda hadi 14.1. Wewe unakaa karibu na bahari, na upepo wa chumvi hauhitaji kualikwa. Angalia pia waya wa bodi wa rektifaya na mahali ulipofungwa kwenye fremu; piga msasa hadi chuma kionekane.

Taa ya Vespa ya marehemu babu hufifia nikisimama na kung'aa nikienda. (Michenzani)

Vespa nyingi za zamani taa yake hula moja kwa moja kutoka kwenye sumaku, basi injini ikipunguza mzunguko na taa hufifia; ndivyo zilivyoundwa.

Nikienda Pemba kwa wiki moja, narudi nakuta betri imekwisha. Nikiwa nyumbani haina tatizo. (Bububu)

Bandubandu huisha gogo. Zima swichi, fungua waya hasi wa betri, na uweke mita ya ampea kati ya waya huo na kichwa cha betri. Usiwashe swichi wala kugusa starta mita ikiwa hapo, la sivyo utaunguza fyuzi ya mita. Mita ikisoma kitu, kuna kinachokula betri hata swichi ikiwa imezimwa. Alamu inayokula miliampea 50 inamaliza ampea-saa 1.2 (ampea-saa ni kipimo cha umeme unaobebwa na betri) kwa siku, na betri ya ampea-saa 5 haitimizi siku 5. Ukisafiri, fungua waya hasi na uuache wazi.

Nikiongeza asidi, betri itapata nguvu? (Wete)

Hapana, na sijui nilijibu hili mara ngapi. Kinachopungua ni maji, basi ongeza maji maalumu ya betri, wala si ya kisima chenye chokaa, na muulize muuzaji kama anachokupa ni maji au ni asidi, maana chupa hufanana. Ukiichaji nyumbani, tumia ampea zisizozidi sehemu ya kumi ya ukubwa wake, yaani 0.5 kwa betri ya ampea-saa 5. Chaja ya gari ya ampea 10 itaichemsha. Fungua madirisha na weka sigara mbali, kwa sababu betri inayochaji hutoa hewa inayolipuka.

Nimefunga taa 2 za wati 20 na spika, na fyuzi inaungua. Naweza kuweka waya mzito badala yake? (Nungwi)

Ukiweka, kitakachoungua kwa zamu yake ni waya uliopita chini ya tangi la petroli. Fyuzi inayokatika papo hapo inaonyesha waya umegusa bodi. Inayokatika baada ya mwendo inaonyesha mzigo umezidi. Taa zako peke yake zinakula zaidi ya ampea 3, na taa ya mbele ya wati 35 inakula karibu kiasi hichohicho, wakati koili za pikipiki ndogo hazikuundwa kwa karamu ya namna hiyo. Toa taa moja, iliyobaki uipitishe kwenye rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) yenye fyuzi yake, na spika uiache nyumbani.