Jibu: Kushuka korongo la Hell's Gate mwezi wa Aprili

Habari ndugu. Umeuliza kama mnaweza kushuka Ol Njorowa, korongo lililo ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, Kenya, mwezi wa Aprili kwa sababu Naivasha mjini hakujanyesha wiki nzima. Ukavu wa mjini haukuambii kitu. Maji ya humo hutoka kwenye miteremko ya juu, na mvua ikinyesha huko yanaingia yote kwenye ufa mwembamba. Unaweza kuwa juani, chini mkavu, na bado yakakukuta. Mafuriko ya Aprili 2012 yaliua watu humo, na ya Septemba 2019 pia, kwa hiyo usitegemee kalenda.

Kabla ya kulipia chochote, piga simu KWS (Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya) uulize kama korongo limefunguliwa. Hifadhi kuwa wazi hakumaanishi korongo liko wazi. Mkifika, chukueni mwongoza watalii na mwambie awaonyeshe njia za kutokea kabla hamjashuka, kwani kuta ni za majivu ya volkano, laini, hazipandiki kwa haraka. Wingu jeusi upande wowote, au maji yakianza kuwa ya tope: tokeni papo hapo, mikoba achaneni nayo.

Korongo likifungwa, kodini baiskeli kwenye geti la hifadhi la Elsa mwende mpaka Fischer's Tower, ule mnara wa mwamba. Pundamilia mtawaona tu.