Usimhesabie GB mtu mliyepanga naye nyumba moja

Mkuu, hiyo ruta usinunue. Kama umeshatoa hela ya kianzio, kaidai.

Nimesoma swali lako nikadhani nimeliandika mimi. Mmepanga wawili Chuno, hapa Mtwara, intaneti ya nyumbani mnachangia, wewe unafanya kazi kwa laptopu, mwenzako usiku ni muvi tu, na fundi wa mjini amekuahidi ruta ya laki na nusu itakayoonyesha kila mtu kala GB ngapi ili kila mmoja alipie alichokula. Umeuliza pia kampuni ipi inashika vizuri huko kwenu na ruta ikae chumba gani. Hayo nitayafikia. Kwanza hili la kuhesabu, maana ndilo litakalokuvunjia nyumba.

Mchangiaji wa hapo juu, aliyekujibu kabla yangu, kakwambia anayetumia zaidi alipe zaidi, ndiyo haki. Inasikika vizuri, sibishi. Hata mimi ilinikaa vizuri kichwani siku niliyoambiwa na jamaa wa duka la simu, mtu wa kalamu mbili mfukoni, anayekuita "bosi" kabla hajajua unataka nini. Akaniambia, "Bosi, hii mashine haidanganyi, mpaka senti." Mimi ni mtu wa mahesabu, natunzia watu vitabu vya biashara. Ukiniambia kitu kinahesabika mpaka senti umeshanimaliza.

Mimi na mwenzangu tulikuwa Chikongola, hapahapa Mtwara, vyumba viwili na sebule, kodi 180,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba hapokei chini ya miezi sita. Kifurushi chetu cha intaneti kilikuwa 70,000 kwa mwezi, kisicho na kikomo, tunatoa nusu kwa nusu na hakuna aliyelalamika. Mwenzangu alikuwa karani wa ghala la korosho. Msimu ukianza humwoni mpaka usiku, msimu ukiisha yuko kitandani na tamthilia za Kikorea kuanzia asubuhi. Mimi nina vikao vya video na ofisi ya Dar. Kikao kikikwama, sura za watu zimeganda midomo wazi, nasikia chumba cha pili Mkorea analia kwa uchungu bila kukatika hata nusu sekunde. Sasa wewe ungemlaumu nani?

Ruta ikafungwa, na kweli ikaanza kuhesabu. Kila usiku nafungua ukurasa wake, nanakili kwenye daftari: kifaa hiki kiasi hiki, kile kiasi kile. Mwisho wa mwezi nikapiga uwiano. Yeye 47,000, mimi 23,000. Nikaenda naye kibarazani na daftari langu lililopigwa mistari kwa rula.

Alikuwa anamenya ming'oko, ile mizizi ya porini. Akafuta vidole kwenye kanga ya jikoni, akasoma taratibu, akaniuliza, "Kaka, hizi simu tatu ulizoniandikia ni zipi?" Nikamwambia zako. Akaitoa mfukoni simu yake, Tecno moja yenye kioo kilichopasuka, akaiweka juu ya daftari. Hakusema kitu kingine. Nami nikajikaza nikasema mashine haidanganyi.

Akalipa. Hilo ndilo lililoniuma baadaye, kwamba alilipa bila kelele, tofauti ya 12,000 na chenji hakudai.

Mwezi uliofuata akaja na daftari lake.

Mtungi wa gesi: nani anachemsha maharage saa mbili nzima. Luku: pasi ya nani, na friji ina vitu vya nani. Maji: ndoo ngapi zinaingia bafuni asubuhi na nani anaoga mara mbili. Kaandika vizuri kuliko mimi, si karani wa ghala huyo, kazi yake ni kupima magunia! Nikatoka nadaiwa. Kuanzia hapo ile nyumba ikawa ofisi ya mizani. Sukari ikaingia kwenye vyumba, chumvi ikafuata. Nakumbuka nilisimama jikoni nikitafuta kiberiti na kiberiti chenyewe kiko chumbani kwake kimefungiwa.

Halafu ikaja ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Intaneti ikadorora ghafla, hata ujumbe wa WhatsApp unazunguka tu. Nikaenda kugonga mlango wake kwa ngumi, namwambia azime anachoshusha, mimi nina ripoti ya kutuma. Mlango haukufunguliwa. Sauti yake nikaisikia kutoka nje, yuko chini ya mwembe anacheza drafti na majirani, simu hata hanayo mkononi. Jioni ndipo watu wakaanza kuambiana kwamba nyaya za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zimekatika, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zimeathirika. Sasa fikiria: waya umekatika baharini huko, mimi nampigia mlango karani wa korosho wa Chikongola.

Niliomba msamaha, ndiyo. Akasema yameisha. Kodi ilipofika mwisho akasema kapata chumba Shangani karibu na kazini. Ghala lilikuwa Chikongola, mkuu, kulekule tulikokuwa tunakaa. 

Mimi nikabaki na nyumba ya watu wawili na mwenye nyumba anayetaka miezi sita. Nusu ya mwenzangu, 90,000 mara sita, ni 540,000, ikatoka kwangu, maana vitabu vya mwaka vya wateja vilikuwa juu yangu, muda wa kuhama sikuwa nao. Juu yake laki na nusu ya ruta. Juu yake laini ya intaneti ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho chake na alama zake za vidole, kwa hiyo akaondoka nayo, haki yake kabisa, nikaanza upya. Hayo yote kwa ajili ya 12,000. Na mimi ndiye mtaalamu wa mahesabu, cheka tu, nami nimeshacheka.

Ila sijafika penyewe. Nikiwa peke yangu nyumba nzima, hakuna mtu, hakuna Mkorea, kikao cha kwanza na Dar kikakwama. Vilevile! Midomo wazi vilevile!

Nikamwita kijana mmoja anayesoma mambo ya kompyuta, akakaa na ile ruta kwa muda wa chai moja. Akaniuliza simu yangu inapandisha nini, yaani inatuma nini mtandaoni. Ilikuwa inapandisha picha na video zangu kwenye hifadhi ya Google, kila nikiingia nyumbani, hasa jioni. Upande wa kupandisha kwenye vifurushi vingi vya nyumbani ni mwembamba kuliko wa kushusha, na ukijaa, hata kushusha kunakwama, kwa sababu kila kipande unachopokea kinahitaji kijibu kidogo kirudi kusema kimefika. Vijibu vinakaa nyuma ya video zako za harusi, kama pikipiki iliyokwama nyuma ya malori ya korosho yanayongoja kuingia ghalani. Muvi haionyeshi shida hiyo kwa sababu inajiwekea akiba ya dakika kadhaa mbele. Kikao cha video hakina akiba, kinaganda hapohapo. Ndiyo maana Mkorea alikuwa analia vizuri na mimi naganda.

Na zile simu tatu? Kuanzia Android 10 ya mwaka 2019, na iPhone kuanzia iOS 14 ya 2020, simu inapojiunga na waifai hujitangaza kwa anwani ya kubuni badala ya anwani yake halisi (MAC, namba ya kukitambulisha kifaa), na kila jina la mtandao hupewa anwani yake. Ruta yangu ilikuwa inarusha majina mawili, la masafa ya GHz 2.4 na la masafa ya GHz 5. Simu moja ikiingia kwa majina yote mawili inahesabiwa vifaa viwili. Zile tatu nilizomwandikia, mbili zilikuwa zangu. Mimi ndiye nilikuwa nakula kule jikoni kwa jina moja na chumbani kwa jina jingine, halafu namtoza yeye. Tena umeme ukikatika, na Mtwara unajua, hesabu ya ruta ile inarudi sifuri, kwa hiyo matumizi ya mchana kutwa yanapotea na yanabaki ya usiku, wakati yeye yuko nyumbani. Mashine haidanganyi, mpaka senti!

Nilirudi kwa yule wa kalamu mbili. Unajua alinijibu nini? "Bosi, hiyo ni ya kawaida, ulitakiwa uchukue ile ya laki tatu." Nikamwangalia, nikaondoka, kwa sababu kesi nyingine sina hela nayo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii na sina nyingine: pesa nusu kwa nusu, igawanywe kasi, GB zisihesabiwe kabisa. Kifurushi kikiwa kweli hakina kikomo, GB hazikupunguzii kitu. Mwenzako akiangalia muvi saa saba usiku wewe umelala, amekula nini chako? Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa, kwa hiyo kwa daftari atashindwa kila siku, lakini kasi inayohitaji ni kama Mbps 5 tu, Mbps ndiyo kipimo cha kasi. Kikao chako cha video nacho hakizidi sana hapo. Mkiwa na Mbps 20 za kweli zinawatosha wote na zinabaki. Kinachogombaniwa ni kasi ya saa ile mliyo macho wote wawili, basi.

Na kugawa kasi hakuhitaji ruta ya laki na nusu. Fungua ukurasa wa ruta mliyonayo kwenye kivinjari, anwani yake mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, angalia nyuma ya kifaa. Badilisha paswadi ya kuingilia humo, siyo ya waifai, ni vitu viwili. Tafuta palipoandikwa QoS au Bandwidth Control, ndiyo sehemu ya kugawa kasi. Kabla hujaandika namba, pima kasi yenu halisi usiku, kushusha na kupandisha, halafu andika jumla iliyo chini kidogo ya mliyopima, tuseme tisa ya kumi. Ukiandika ile ya kwenye tangazo la kifurushi, foleni itajaa kule kwa kampuni na ruta yako haitakuwa na la kufanya. Kisha kila mmoja mpe nusu ya uhakika na ruhusa ya kufika mpaka kileleni mwenzake asipotumia. Usimfunge kwenye nusu hata kama haupo nyumbani, huo ni uchoyo na hauongezi kitu upande wako. Kupandisha nako kugawe, watu wengi wanasahau hapo, na ndipo palipo na ugonjwa. Ili ruta iwatambue, kwenye simu zenu ingieni mipangilio ya waifai ya hapo nyumbani mchague anwani halisi ya kifaa. Hifadhi ya picha iwekeni ipande usiku wa manane.

Fanyeni wote wawili mmekaa pamoja, simu mezani. Asikukute umeshaweka.

Kama ruta yenu haina sehemu hiyo, kaeni mkubaliane saa za vikao vyako. Mwambie tu, "Kaka, Jumanne na Alhamisi saa nne mpaka saa sita nina kikao, nisaidie." Mtu akiombwa anasaidia. Akiletewa hesabu anakwenda kununua daftari.

Kama kifurushi chenu kina kikomo cha GB, msichangie kabisa, kila mtu na bando lake kwenye simu yake. Wageni nao, dada wa mtu, mtoto wa jirani, wawekee mtandao wa wageni wenye kasi ndogo, kwa sababu siku hizi paswadi haina siri, simu inaonyesha msimbo, mtu mwingine anaupiga picha, kaingia.

Pesa mkusanye kabla kifurushi hakijaisha, siyo baada. Na mkubaliane leo, mkiwa bado mnacheka pamoja, laini ni ya nani siku mmoja akihama.

Ulikuwa umeuliza ruta ikae chumba gani: GHz 5 haipiti vizuri kwenye tofali za saruji, iweke sebuleni juu ya kabati na siyo nyuma ya friji. Lile lingine limenitoka, naona hasira imenichukua.

Ukimaliza kuweka, njoo utuandikie hapa umepata kasi gani saa tatu usiku. Ya saa nane mchana usituletee, mchana kila mtu Mtwara ana intaneti nzuri.