Ukivunjika kifundo cha mguu: magongo, choo na bajaji

Mtu akifungwa hogo, yaani plasta ngumu ya kushikilia mfupa, swali la kwanza huwa ni atapona lini. Mfupa wa kifundo kwa kawaida huhitaji wiki 6 hivi kuunga, na ukiwa umevunjika vibaya au umewekewa vyuma, muda huongezeka. Mimi ningekushauri, kabla hujatoka hospitali, ujiulize na hili: usiku nitafikaje chooni?

Nyumba niliyopanga hapa Dar es Salaam choo kiko uani, tena cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa na hogo haiwezekani. Fundi seremala wa mtaani alinitengenezea kiti cha mbao chenye tundu katikati, miguu yake mipana isiyoyumba, tukakiweka juu ya shimo. Kiti hicho kilinipa heshima yangu, kwa sababu sikuhitaji kumwita mtu kila nilipobanwa. Kuoga nako ni kwa kukaa: mguu unaufunga lailoni hadi juu ya hogo, unaunyoosha pembeni juu ya ndoo iliyopinduliwa, maji yasiufikie. Hogo likilowa hulegea, na ngozi ndani yake huharibika. Likiwasha, usichokonoe kwa kijiti wala sindano ya kufumia. Kidonda cha humo ndani hutakiona mpaka kimeoza.

Magongo yapimwe ukiwa umesimama. Kati ya kwapa na gongo ipite nafasi ya vidole viwili au vitatu, na viwiko vikunjike kidogo unaposhika mshikio wake. Uzito wote ubebwe na viganja. Ukizoea kuning'inia kwa makwapa, mishipa ya fahamu inabanwa na mikono inakufa ganzi. Kwenye ngazi, kupanda unatanguliza mguu mzima. Kushuka, magongo na mguu mgonjwa ndivyo vinavyotangulia. Kila siku tazama mipira ya chini. Ikiisha, sakafu ya saruji iliyotoka kupigwa deki itakuangusha, na mguu ule mzima nao uvae raba, si kandambili.

Mikono ikiwa na magongo haibebi kitu. Begi dogo la mgongoni ndilo lililonibebea chupa ya chai, simu na dawa. Jikoni nilikaa kwenye stuli, mguu juu ya kiti kingine, nikamenya na kukatakata kama kawaida. Siku za mwanzo mguu ukae juu kuliko moyo muda mwingi, ndipo uvimbe unashuka. Lakini usilale tu kutwa: chezesha vidole, kunja na kunjua goti, inuka utembee kidogo kwa magongo kadiri daktari alivyokuruhusu.

Shangazi yangu alikuja na mafuta yake na maji ya moto, tayari kunichua.

"Shangazi, nakuomba, mfupa bado haujaunga," nilimwambia.

Alinyamaza kidogo, akaenda kununua kongoro akanipikia supu. Ninamshukuru mpaka leo. Kuchua mfupa uliovunjika kunaweza kuusogeza, hata anayechua akiwa na nia njema kiasi gani. Upendo wa ndugu uelekeze kwenye chakula: maziwa, mayai, maharage, na dagaa, ambao huliwa na mifupa yao.

Kwenda kliniki panda bajaji, si bodaboda. Kaa kwa ubavu, mgongo uegemee upande mmoja, mguu uunyooshe juu ya kiti, na umwombe dereva apunguze mwendo kwenye matuta. Daladala ya asubuhi iache kabisa.

Yapo mambo ya kukimbilia hospitali bila kusubiri tarehe ya kliniki: vidole kuwa vya baridi, kubadilika rangi au kufa ganzi, maumivu yanayozidi ingawa umekunywa dawa, shavu la mguu kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukata ghafla. Hayo mawili ya mwisho yanaweza kuwa damu iliyoganda, nayo inaua.

Hogo likitoka utaona mguu mwembamba, ngozi inabanduka, kifundo kigumu. Ndivyo huwa. Hapo kazi ya mazoezi ndiyo inaanza, na watu wengi huiachia hapo kwa kuwa maumivu makali yamekwisha. Kaa chini, pitisha khanga chini ya wayo, uivute polepole kuelekea kwako. Chora herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Daktari akikuruhusu kukanyaga na kubaki na gongo moja, lishike mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi hulishika upande wa mguu mgonjwa na kuchechemea zaidi. Jioni kifundo kitavimba, pengine kwa miezi kadhaa, basi kipandishe juu ya mto. Mwishoni jifunze kusimama kwa mguu huo mmoja huku umeshika meza, sekunde chache, kisha zaidi. Bodaboda isubiri mpaka uweze kufanya hivyo bila kushika kitu.