Maswali na Majibu: Mlio Mzuri wa Ekzosi kwa Gharama Nafuu

Wasomaji kadhaa wa Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe wameuliza namna ya kulipatia gari la michezo mlio mzuri wa ekzosi bila kununua mfumo mzima mpya. Nimechagua maswali sita, na ninayajibu nikizingatia kazi ambazo mafundi wetu wa kuchomelea wanaziweza na spea zinazopatikana madukani kwetu.

Nina Toyota Altezza ya silinda nne. Nataka iwe na mlio mzito wa kuvutia, lakini seti nzima ya ekzosi siimudu. Nianzie wapi? (Msomaji wa Mwanjelwa, Mbeya)

Anzia chini ya gari kabla ya kwenda dukani. Magari mengi yanayopelekwa kwa fundi ili yaongezewe mlio huwa tayari yana kasoro inayouharibu mlio uliopo: gasketi iliyoungua ya manifodi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda), kile kiungo kilichosukwa kwa nyuzi za chuma kilichochanika, au sailensa iliyotobolewa na kutu. Ukifunga sailensa ya michezo juu ya kasoro hizo, utakuwa umelipia kelele ile ile isikike zaidi.

Kupima ni rahisi. Asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi, iwashe, kisha mwombe mwenzako akunje kitambaa kizito kilicholoweshwa maji na kukibana kwenye mdomo wa ekzosi kwa sekunde chache, huku wewe ukisikiliza kutoka kwenye manifodi hadi nyuma. Mfumo usiovuja utasukuma kitambaa kwa nguvu na injini itaelemewa. Mfumo unaovuja utapuliza mahali penye ufa, na ukiangalia hapo kwa tochi utaona masizi meusi yaliyosambaa kuzunguka flenji (bapa la kuungia mabomba) au mshono. Uvujaji ulio karibu na injini unakula pia petroli, kwa sababu kati ya mpigo mmoja wa moshi na mwingine hewa ya nje hunyonywa ndani, sensa ya oksijeni huisoma hewa hiyo kama upungufu wa mafuta, na kompyuta ya gari huongeza petroli isiyohitajika. Gasketi, bolti mpya na raba za kuning'inizia ekzosi ndiyo matengenezo ya bei ya chini kuliko yote nitakayoyataja hapa, na mara nyingi ndiyo yanayoleta tofauti kubwa.

Mfumo ukishakuwa mzima, badilisha sailensa ya nyuma peke yake na uiache ile ya kati mahali pake, kwa kuwa ndiyo inayoondoa ukwaruzaji. Sailensa nyingi za kiwandani huzungusha moshi ndani ya vyumba kadhaa, wakati ya michezo huupitisha moja kwa moja katika bomba lenye matundu madogo lililozungushiwa pamba ya kioo, ambayo hunyonya sauti kali za juu na kuziacha zile nzito zitoke. Ukinunua ya mtumba kutoka Japani, tafuta kibati chenye herufi JASMA, jina la chama cha watengenezaji wa sailensa za michezo nchini humo; kwa magari ya rika la Altezza, sheria ya Japani iliweka kikomo cha desibeli 96 gari likiwa limesimama, kipimo kikiwekwa karibu na mdomo wa ekzosi. Kisha igonge kwa kifundo cha kidole. Iliyojaa pamba hutoa mlio mfupi uliokufa, na ile ambayo pamba yake imeungua hulia kama debe tupu. Hiyo irudishe kwa muuzaji.

Kuhusu bomba, injini ya lita mbili isiyo na turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) inatosheka na kipenyo cha inchi 2¼, na nisingependa uzidishe inchi 2½. Moshi unapaswa kusafiri kwa kasi ili mpigo mmoja usaidie kuuvuta unaofuata, na bomba pana kupita kiasi huipoteza kasi hiyo, gari likabaki na kelele nyingi na nguvu pungufu kwenye mizunguko ya chini. Hilo linatuhusu zaidi sisi tunaoishi juu: mjini Mbeya, kwenye kimo cha takribani mita 1,700, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Fundi akikunja bomba kwa moto, hakikisha amelijaza kwanza mchanga mkavu kabisa, ili kona isibonyee na kuuziba moshi.

Jambo la mwisho ni la matarajio. Injini ya silinda nne inapozunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa mipigo 100 kwa sekunde, na ya silinda sita, kama ile Altezza yenye injini ya 1G-FE, hutoa 150. Hakuna sailensa inayoweza kuigeuza moja iwe nyingine, na silinda nne iliyotulia vizuri ina uzuri wake wa kutosha.

Forester ya turbo ya rafiki yangu ina ule mngurumo wa Subaru unaodundadunda. Mimi nina Legacy GT ya 2004, nayo haina. Fundi anasema nitoboe sailensa. Je, itasaidia? (Msomaji wa Makambako)

Haitasaidia, na ninakuomba usikubali. Mngurumo ule hautoki kwenye sailensa. Unatoka kwenye mabomba yanayoanzia kwenye injini. Katika injini ya Subaru silinda zimelala, mbili kila upande, nazo huwaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4, maana yake upande mmoja huwaka mara mbili mfululizo kisha mwingine mara mbili. Katika Forester ya rafiki yako, mabomba ya pande hizo mbili hayalingani urefu, kwa kuwa upande mmoja hulazimika kupitisha moshi wake chini ya injini kabla ya kuifikia turbo. Mipigo iliyoanza kwa nafasi sawa hufika ikiwa imepishana, na upishanaji huo ndio unaousikia.

Legacy GT za soko la Japani za kizazi kilichoanza mwaka 2003 zilipewa mabomba yenye urefu unaolingana, pamoja na turbo yenye njia mbili za kuingizia moshi. Zikapata mwitikio mzuri wa turbo, na ule mngurumo ukapotea. Kuurudisha kunahitaji kubadilisha manifodi pamoja na turbo, kwa sababu midomo yao haifanani, na kazi hiyo haimo katika neno nafuu. Kwa gari lako ningefunga sailensa nzuri ya nyuma na kuishia hapo.

Nilibadilisha sailensa ya gari langu la silinda nne. Mjini linalia vizuri, lakini nikishika barabara kuu kwenda Iringa, kwenye mizunguko 3,000 kunakuwa na mvumo unaoniumiza kichwa. Nirudishe ya zamani? (Msomaji wa Uyole)

Usiirudishe kwanza. Angalia kama bomba limegusa bodi mahali popote, hasa linapopita juu ya ekseli, na kama raba za kuning'inizia zimelegea. Chuma kikigusana na chuma, sakafu nzima hugeuka spika. Ikiwa hapo ni pazuri, basi ni mwangwi wa kawaida, nao una dawa ya bei ndogo ambayo watu wachache hapa kwetu wanaifahamu: bomba la pembeni lililozibwa mwisho.

Bomba hilo huchomelewa kwenye bomba kuu, kabla ya sailensa ya nyuma, likiwa na kipenyo kile kile, kisha hukunjwa lilale sambamba na bomba kuu ili lisichukue nafasi. Sauti huingia, hugonga mwisho uliozibwa na kurudi. Urefu ukiwa sahihi, wimbi linalorudi hufika likiwa kinyume cha linalopita, na mawili hayo hufutana. Urefu hupatikana kwa kugawa kasi ya sauti kwa mara nne ya idadi ya mipigo. Kwako mipigo ni 100 kwa sekunde, na ndani ya moshi wa moto sauti husafiri kwa takribani mita 400 kwa sekunde au zaidi kidogo, hivyo 400 gawanya kwa 400 ni mita moja. Kwa sababu joto la moshi hubadilika, anza na mita moja na sentimita 15, fundi ashikize kwa nukta chache tu za kuchomelea na azibe mwisho kwa muda, uende kulijaribu barabarani, kisha mpunguze sentimita chache chache hadi mvumo uishe ndipo achomelee moja kwa moja. Gharama yake ni kipande cha bomba na muda wa fundi mwenye subira.

Kuna watu wananunua masega ya gari (kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi). Nikiyauza si nitapata fedha na mlio kwa pamoja? (Msomaji wa Tunduma)

Fedha utapata, kwa kuwa ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, lakini mlio utakaoupata ni wa kukwaruza, na harufu kali ya moshi itakufuata hadi kwenye viti. Taa ya injini nayo huwaka mara nyingi, maana sensa iliyo nyuma ya masega itaona hayafanyi kazi. Masega ndiyo yanayoigeuza sehemu kubwa ya monoksidi ya kaboni kuwa hewa isiyoua. Yaache.

Huku baridi ni kali. Asubuhi ekzosi inadondosha maji, na sailensa niliyofunga imeanza kutoboka. Je, injini ina tatizo? (Msomaji wa Njombe)

Maji pekee si dalili ya ugonjwa, mradi kiwango cha maji ya rejeta hakipungui na moshi mweupe unakoma gari likishapata moto. Kila lita ya petroli inayoungua hutengeneza takribani lita moja ya maji, ambayo hutoka kama mvuke. Kwenye baridi ya Njombe au Makete mvuke huo hupoa na kuwa matone ndani ya bomba. Ukiendesha safari fupi za kwenda sokoni na kurudi, sailensa haipati joto la kuyakausha, maji hutuama chini na kuila bati kutoka ndani. Mwambie fundi atoboe tundu moja la milimita tatu sehemu ya chini kabisa ya sailensa, na walau mara moja kwa wiki endesha safari ndefu ya kutosha kuipasha moto. Ukinunua nyingine, chuma kisichoshika kutu kitakugharimu zaidi siku ya kwanza, lakini kitadumu. Kichomelewe kwa gesi ya agoni.

Ila matundu ya kutu uliyo nayo sasa yazibe mapema, hasa yaliyo chini ya viti. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, nasi huku tunaendesha vioo vikiwa vimefungwa kwa sababu ya baridi. Abiria wakianza kuumwa kichwa na kusinzia bila sababu, simamisha gari, fungua milango yote na watoke nje.

Naondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na majirani wananilalamikia. Nifanye nini bila kuupoteza mlio? (Msomaji wa Kihesa, Iringa)

Majirani wako wana haki, na kanuni za mazingira za mwaka 2015 kuhusu udhibiti wa kelele na mitetemo ziko upande wao. Injini baridi huzunguka haraka kuliko kawaida kwa dakika moja au mbili za mwanzo, kwa hiyo washa na uondoke taratibu badala ya kuisubiri ipate moto uani. Sailensa nyingi za Kijapani hukubali pia kizibo cha ndani, ambacho ni kipande kifupi cha bomba jembamba kinachochomekwa mdomoni na kushikwa kwa bolti moja. Fundi anaweza kukichonga kwa mabaki ya bomba. Kiweke siku za kazi na ukitoe unapokwenda safari. Bolti yake ikazwe na kukaguliwa kila unapokirudisha, kwa sababu mpigo wa moshi hukisukuma nje muda wote, na kikichomoka kwenye mteremko wa Kitonga kitampata anayekufuata nyuma.